Mto Uliopewa Haki Zake Zote

Nchi yenyewe ipo, ila msiiulizie jina. Jina liko ofisini, mezani kwa mkubwa fulani, linasubiri muhuri, na mpaka litakapotoka wananchi wameagizwa waseme tu "Hapa Petu." Basi Hapa Petu kulikuwa na kila kitu ambacho nchi inatakiwa kuwa nacho: bendera, wimbo, Wizara ya Mito, Misitu na Mambo Yanayofanana na Hayo, na Mtukufu Kiongozi ambaye picha yake ilitundikwa hata kwenye mizinga, ili nyuki nao wajue wanamfanyia kazi nani.

Mwaka mmoja Mtukufu alikwenda ng'ambo kwenye mkutano wa watu wanaopenda mito. Huko akasikia kwamba siku hizi nchi zilizostaarabika huupa mto haki za binadamu. Aliingiwa na soni kidogo, maana Hapa Petu haki hizo hata binadamu walikuwa hawajagawiwa zote. Lakini alipotafakari akaona hakuna hasara. Mto hauandiki magazetini, hauandamani, haugombei ubunge. Haki zikipewa mto zitakaa salama, hakuna atakayezichezea. Akasimama palepale akatangaza kwamba mito yake yote ni watu. Wenyeji wakampigia makofi, wakamvisha nishani ya kijani yenye upana wa kifuniko cha sufuria ya pilau.

Sheria ilipitishwa siku aliyorudi, kabla hajamaliza kushuka ngazi za ndege. Wabunge walikuwa wamejipanga uwanjani juani, Spika akauliza wangapi wanakubali, wote wakakubali kwa kupunga vibendera. Sheria ilikuwa fupi. Ilisema: kuanzia leo kila mto wa Hapa Petu ni mtu, ana haki zote za mtu, na ataitwa Ndugu.

Ndivyo Mto Kihewe ulivyoamka siku hiyo ukiwa Ndugu Kihewe, wenyewe hauna habari, unateremka zake kutoka msitu wa Ngoto kama ilivyo desturi yake, na majani makavu mgongoni.

*

Bi Mwanahiba binti Sekulia aliisikia habari hiyo redioni. Alikuwa amekaa barazani kwake, kijijini Kwamsele, miguu ameinyoosha, anashona mkeka. Mkeka wenyewe ulikuwa wa miraba, myekundu kwa zambarau, na katikati ukanda mmoja wa ukili mweupe usiotiwa rangi, kwa sababu Bi Mwanahiba aliamini jicho nalo linahitaji mahali pa kupumzika. Aliposikia aliyoyasikia alicheka mpaka shazia, ile sindano ya mikeka, ikamponyoka.

"Mama Chausiku weee!" alimwita jirani yake. "Njoo usikie maajabu! Yule mwizi wetu kawa ndugu wa serikali!"

"Mwizi yupi? Kihewe?"

"Huyohuyo."

"Masikini serikali," akasema Mama Chausiku akitokea jikoni na mwiko mkononi. "Imekosa ndugu wa maana."

Hapa inafaa ieleweke kwamba watu wa Kwamsele walikuwa watani wa mto. Utani huo waliukuta, na waliowaachia nao waliukuta. Wengine huwa watani wa kabila la jirani, wakataniana misibani na harusini. Wao mtani wao alikuwa Kihewe. Wanawake wakiteremka kukata ukindu kwenye kinamasi hawakumsalimu kwa adabu hata siku moja. Walianza kumtupia maneno wakiwa bado mlimani. "Mzururaji wewe! Jana umelala wapi?" "Tazama tumbo hilo, umekula mbuzi wa nani tena?" Mto nao ulijibu. Ukimrushia maji mtu usoni, au ukimchukulia kandambili moja, hilo lilikuwa jibu, na wenzake walimzomea aliyejibiwa mpaka nyumbani. Mtoto akizaliwa alipelekwa kuoneshwa mto ili ujue mtani mpya kaja. Mwiko ulikuwa mmoja tu: mtani hasifiwi usoni. Kwamsele mtani alisifiwa siku moja, siku ya kuzikwa. Ukimsifu kabla ya hapo umemfukia mzima.

Na sifa alikuwa nazo, ila zilihifadhiwa. Kihewe ndiye aliyelisha kile kinamasi, kinamasi kikalisha mikindu, mikindu ikatoa ukindu, na ukindu ndio uliomsomesha kila mtu wa Kwamsele aliyewahi kusoma. Ndege korongo wenye taji za dhahabu walitaga humo kwenye nyasi ndefu. Bi Mwanahiba alipofiwa na mumewe hakwenda kuishi kwa watoto. Alisema: mimi nina mkeka wangu, nina kinamasi changu, nina yule mpumbavu wa kugombana naye asubuhi, nikafanye nini mjini?

*

Muda si mrefu vikaja vigingi. Vilikuwa vyekundu, vimechongwa vizuri, vimepigwa ardhini kuanzia msituni Ngoto mpaka pale bonde linapobana. Vilipigwa na Kampuni ya Maendeleo Yasiyozuilika. Mwenye kampuni hakuna aliyemjua, isipokuwa watu walishangaa kwamba mke wake na mke wa Waziri wa Mito ni mtu mmoja.

Fundi mkuu alikuja kijijini kuelimisha umma. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia ngumu ya njano na miwani ya jua iliyoning'inia kifuani. Alieleza kwamba Ngoto utajengwa ukuta mrefu wa zege, mto wote uzibwe, litokee Ziwa la Tafakuri, ambapo Mtukufu atakuwa anakaa jioni, miguu majini, akitafakari tatizo la wananchi kukosa maji.

"Maji yote mtayazuia?" akauliza Bi Mwanahiba.

"Yote, bibi."

"Na sisi wa huku chini?"

"Nyie mtabaki na mto wenu, bibi, hakuna atakayewanyang'anya. Kitakachoondoka ni maji tu."

Mama Chausiku akauliza kama na yeye fundi wakimtoa damu atabaki na mwili wake. Fundi akasema hilo ni swali la kitaalamu, atalijibu kwa maandishi.

*

Ndipo akaja Wakili Namsifu. Alikuwa binti wa mjini, mwembamba, mkoba wa ngozi bandia begani, kiatu kimoja kimekatika kisigino kwa matope ya Kwamsele. Sheria alikuwa ameisoma yote, na kwa bahati mbaya alikuwa anaiamini.

"Bibi zangu," akawaambia wanawake waliokusanyika barazani, "huu ukuta hauwezi kujengwa. Mto ni mtu kisheria. Mtu huwezi kumziba. Mtu ana haki ya kutembea popote nchini. Tutakwenda mahakamani, na atakayeshtaki ni Ndugu Kihewe mwenyewe."

"Yule?" Mama Chausiku akaguna. "Yule hata kunyamaza hawezi, atashtakije?"

Lakini walikubali. Bi Mwanahiba ndiye aliyechaguliwa awe mlezi na shahidi wa mto, kwa kuwa ndiye aliyegombana nao kwa miaka mingi kuliko wote.

Kwanza, mlalamikaji alitakiwa kuwa na kitambulisho. Wakaenda wilayani. Karani aliwapokea vizuri sana, akawapa viti, kisha akauliza makazi ya kudumu ya mwombaji. Wakasema yanaanzia msituni. Akauliza yanaishia wapi. Wakasema baharini. Akatikisa kichwa, akaandika: anahamahama. Kwenye picha alitaka masikio yote mawili yaonekane. Wakakubaliana apigwe pale alipo na visiwa viwili vya mchanga. Kuhusu alama ya kidole, Bi Mwanahiba alichovya kidole gumba mtoni, akakikandamiza kwenye karatasi kikiwa kimelowa, na karani akasema hajaona alama safi kama ile tangu aajiriwe.

"Sasa siku ya kesi afike mwenyewe," akasema.

"Afike nani?" akauliza Namsifu.

"Mlalamikaji. Hapa Petu kesi haisikilizwi mwenyewe hayupo."

"Mto mzima, ndugu karani?"

Karani alijisikia vibaya. "Jamani, sisi hatupo hapa kuonea watu. Afike kiasi anachoweza."

*

Kwa hiyo Kihewe alikwenda mahakamani ndani ya pipa la bluu, kwa lori la kubebea mkaa, akina mama wa Kwamsele wamemzunguka wakimshika asimwagike na kumtukana njia nzima. Kwenye tuta la kwanza alimrukia Mama Chausiku kifuani. "Hata safari ya heshima huwezi kutulia, mshenzi wewe!" akafoka, na lori zima likapasuka kwa kicheko.

Ukumbi wa mahakama ulikuwa na mapazia mazito na harufu ya dawa ya mbu. Pipa likaketishwa kwenye kiti cha mlalamikaji. Jaji Kerenge alipoingia, amevaa wigi la manyoya lililotoka nchi za baridi, jasho linamtoka mpaka kwenye kola, askari akapiga kelele watu wote wasimame. Watu wakasimama. Pipa halikusimama. Askari akaliendea, akaliamuru kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu.

"Mwache," akasema Jaji Kerenge. "Ni mara yake ya kwanza. Mahakama hii ina huruma. Mlalamikaji, unaapa kusema kweli?"

Ndani ya pipa kulikuwa na chura aliyekuja bila kualikwa. Akalia mara moja. Karani wa mahakama akaandika: mlalamikaji ameapa.

Kampuni ilitetewa na Wakili Mkongwe Bwana Mapande, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri, ambaye hakuwahi kushindwa kesi kwa sababu hakuwahi kumtetea asiyeshinda. Alisimama, akaliinamia pipa kwa adabu.

"Mheshimiwa Jaji," akaanza, "mimi nimeiheshimu mito tangu utotoni. Nimeoga kwenye mito. Mama yangu, Mungu amweke pema, alipikia maji ya mto. Sina ugomvi na huyu ndugu yangu aliyeketi pale. Nasema hivi: ni mtu? Ni mtu! Ana haki? Anazo! Nami nimekuja hapa leo kuhakikisha anazipata zote, bila kupunguziwa hata moja."

Namsifu alifurahi kusikia hivyo. Alikuwa bado mdogo.

Akamwita shahidi wake. Bi Mwanahiba alipanda kizimbani na kanga yake mpya, akashika ukingo wa mbao, akaona jinsi ulivyopigwa randa vizuri, akaupapasa. Mbao ilikuwa ya mvule, bila shaka ya Ngoto.

"Usiogope, bibi," Namsifu akamwambia. "Sema kweli tu, kama unavyosema nyumbani. Unamfahamu Ndugu Kihewe?"

Bi Mwanahiba akaligeukia pipa. Lilikuwa mbele yake, hatua chache tu, mfuniko wazi, maji yanameremeta chini ya taa. Na kule nyuma walikaa wanawake wa Kwamsele, shingo wamezinyoosha, wanangoja aanze.

"Nisimfahamu nani?" akasema. "Yule mwizi?"

Nyuma kukalipuka vigelegele.

"Mzururaji!" akaitikia Mama Chausiku.

"Mla mbuzi za watu!" akaongeza mwingine.

"Hana kwao!" wakamalizia wote kwa pamoja, kama wanavyofanya wakiteremka mlima, na mmoja akapiga kofi kwenye benchi kwa raha. Kwao hiyo ilikuwa heshima kubwa. Mtani kaletwa mbele ya wakubwa. Usipomtania, watu watajua humpendi.

Namsifu alipauka. Bwana Mapande aliinuka taratibu, kama mtu anayeinuka mezani baada ya chakula kizuri.

"Mheshimiwa Jaji, naomba nimsaidie shahidi. Bibi yangu, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu Ndugu Kihewe, usiku analala nyumbani?"

"Kulala?" Bi Mwanahiba akacheka. "Toka nimezaliwa sijamwona amelala. Usiku na mchana yeye na njia."

"Anakwenda wapi?"

"Ajuaye nani? Ukimuuliza anapiga kelele tu."

"Amewahi kuingia kwenye nyumba za watu bila hodi?"

"Eh! Mwaka wa mvua kubwa si aliingia kwangu mpaka chumbani! Mjane wa watu nikapanda kitandani, nikamwambia toka, akakaa siku nzima. Hana haya yule."

"Akaondoka mikono mitupu?"

"Mitupu? Alichukua sufuria, akachukua mbuzi wa Mama Chausiku, akachukua na kiatu cha marehemu mume wangu. Kimoja! Mwizi gani anaiba kiatu kimoja?"

Wanawake walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Hata askari alicheka. Waliokuwa hawacheki ni karani, aliyekuwa anaandika, na Namsifu, aliyekuwa amesimama mkono umeinuliwa kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, naomba nifafanue. Huu ni utani! Hawa ni watani wake. Hayo ni maneno ya mapenzi."

Jaji Kerenge alivua miwani. "Utani huo umesajiliwa?"

"Ni mila, Mheshimiwa."

"Nimeuliza kama umesajiliwa."

"Haujasajiliwa, Mheshimiwa."

"Basi mahakama haina mtani hapa." Akamgeukia Bi Mwanahiba, na sauti yake, ukweli usemwe, haikuwa ya ukali. "Bibi, yaliyoandikwa yameandikwa. Lakini nakupa nafasi moja. Una neno lolote jema la kusema juu ya mlalamikaji?"

Kicheko kilikatika kule nyuma kama uzi. Sasa hata Mama Chausiku alikuwa ameelewa. Namsifu alimsogelea shahidi wake akamnong'oneza: "Msifu, bibi. Tafadhali. Sema ni mwema. Sema lolote."

Bi Mwanahiba alilitazama pipa. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa nayo toka utotoni, ameyapanga kama ukindu uliokwisha chanwa na kufungwa mafungu, kila fungu na rangi yake. Angeweza kusema jinsi maji yanavyonukia yakifika kinamasini baada ya kiangazi. Angeweza kusema watoto wangapi wamekua kwa ajili yake. Ila mwenyewe alikuwa palepale, mfuniko wazi, anasikia. Na kumsifu mtani anayesikia ni kumwambia kwamba kaburi lako liko tayari.

"Ninalo neno," akasema hatimaye. "Lakini sitalisema angali mzima."

Karani akaandika: shahidi hana neno jema.

*

Hukumu ilisomwa kwa muda mrefu, maana ilianza na historia ya mito yote duniani, ikapita kwenye nishani ya Mtukufu, ikatulia kidogo kwenye maana ya utu. Jaji Kerenge alisema mlalamikaji ameshinda. Alirudia: ameshinda. Mahakama imekubali pasi na shaka kwamba Kihewe ni mtu. Akina mama walianza kupiga vigelegele, askari akawanyamazisha.

"Na kwa kuwa ni mtu," akaendelea, "mahakama haiwezi kufumbia macho yaliyosemwa juu yake na mlezi wake mwenyewe. Anazurura bila makazi, na kitambulisho chake kinathibitisha. Anavuka mipaka ya wilaya bila kibali. Anaingia majumbani mwa wajane. Anaiba. Angekuwa mto tu, sheria isingemgusa. Lakini je, tumvue utu wake ili apone? Hapana! Huo utakuwa ubaguzi. Haki ni haki. Mahakama inamhukumu Ndugu Kihewe kifungo cha maisha."

Bwana Mapande akasimama, akasema kwa unyenyekevu kwamba gereza la kumtosha mfungwa huyo halipo nchini, ila mteja wake, kwa uzalendo, yuko tayari kujenga ukuta pale Ngoto, na michoro anayo hapahapa mkobani.

Msitu wa Ngoto nao ulijadiliwa. Ilionekana kwamba kwa miaka mingi ulimhifadhi mhalifu, ukamfunika kwa majani asionekane kwa ndege za serikali. Ukahukumiwa kukatwa. Korongo wa kinamasini, kwa kuwa walikuwa wakiishi kwa mali ya mfungwa, walipewa ilani ya kuhama, na ilani ikabandikwa kwenye mti waliopenda kutua. Kisha mti ukakatwa.

Pipa halikurudi Kwamsele. Askari wawili walilibeba wakalifungia stoo. Mama Chausiku aliwakimbilia akasema jamani huyo ana chura. Wakamwambia chura atahojiwa.

*

Ukuta ulijengwa haraka kuliko shule yoyote iliyowahi kujengwa Hapa Petu. Siku mfereji wa mwisho ulipofungwa, wanawake wa Kwamsele walisimama ukingoni wakatazama maji yakipungua. Hayakuondoka kwa kelele. Yalijitenga kwanza yakawa vidimbwi, vidimbwi vikawa tope, tope likapasuka likajikunja pembeni kama mkeka uliosahauliwa juani. Kambare waliokotwa kwa mikono. Watu walikula vizuri kwa muda mfupi.

Namsifu alikata rufaa. Mahakama ya rufaa ilimtaka mkata rufaa afike mwenyewe. Magereza wakasema mfungwa wa maisha hatolewi. Mahakama ikasikitika, ikafuta rufaa kwa sababu mkata rufaa ameidharau. Namsifu mwenyewe akafungiwa kufanya kazi ya uwakili, kwa kosa la kumleta mahakamani mteja asiyesimama jaji akiingia. Alikuja Kwamsele kuaga, akakaa barazani kwa Bi Mwanahiba.

"Mimi ndiye niliyekwambia useme kama nyumbani," akasema mwishowe.

"Na mimi nikasema," akajibu Bi Mwanahiba.

Wakanywa chai. Ilikuwa ya maji ya chumvi, ya kisima kipya.

Mtukufu alialikwa tena ng'ambo, akapewa nishani ya pili, kubwa zaidi, kwa kuongoza nchi ya kwanza ambayo mto umepata kesi ya haki. Hotuba yake ilirushwa redioni. Kwamsele haikusikika, kwa kuwa betri zilikuwa zimekwisha na waliokuwa wakinunua betri walikuwa wanahama. Mikindu ilisimama muda mrefu ikiwa imekufa, maana mkindu hauna haraka ya kuanguka. Mama Chausiku alimfuata binti yake mgodini. Aliondoka bila kumtania mtu yeyote. Bi Mwanahiba alibaki na mkeka ambao haujafika upana, ukili umemwishia.

*

Magereza ya Maji yaliruhusu ndugu kuwatembelea wafungwa. Bi Mwanahiba akaenda. Njia ilipita mahali palipokuwa msitu. Sasa palikuwa na visiki na mabango yenye picha ya msitu. Getini alikuwapo askari kijana, nadhifu, buti zinang'aa.

"Umekuja kumwona nani, bibi?"

"Kihewe."

"Wewe nani wake?"

"Mtani wake."

Askari alitafuta kwenye kitabu chake. "Mtani haipo. Kuna mke, mzazi, mtoto, na aliyeibiwa." Akalitafuta jina lake, akatabasamu. "Aa, kumbe wewe ndiye wa kiatu! Nimekuandika aliyeibiwa. Wewe unaruhusiwa hata kila wiki."

Akamkagua, akamnyang'anya kikombe cha plastiki kilichokuwa kwenye kikapu chake, akasema mfungwa haruhusiwi kutoa chochote kwa wageni. Akamsomea masharti. Hakuna kugusa. Hakuna kupiga kelele. Matusi ni marufuku, kwa sababu magereza ya siku hizi yanaheshimu utu wa mfungwa.

Kisha akamwongoza mpaka kwenye wavu.

Maji yalikuwa mengi kuliko alivyowahi kuyaona maishani. Yalijaa kutoka mlima hadi mlima, mazito, ya rangi ya chai iliyopoa, na katikati vilichomoza vilele vya miti iliyokufa ikiwa imesimama. Upande wa pili palikuwa na kiti kimoja cha mbao chini ya mwavuli, hakina mtu. Hapakuwa na wimbi. Hapakuwa na sauti. Bi Mwanahiba alitega sikio muda mrefu, kama unavyotega mlangoni kwa mgonjwa, na hakusikia kitu.

"Amebadilika sana," akasema askari kwa fahari. "Zamani alikuwa anagonga ukuta usiku kucha. Sasa katulia. Ongea naye, bibi, muda upo. Ila habari za nyumbani mpe nzuri tu. Zile mbaya tumezipiga marufuku. Mwezi uliopita kuna mzee alikuja akamwambia mambo ya huko chini, mfungwa akapanda mpaka ufa ukatokea kule ukutani. Tukalazimika kumwongezea zege."

Bi Mwanahiba aliutazama ule ufa uliozibwa, mstari mweupe kwenye kijivu. Akautazama muda mrefu. Askari akafuata macho yake, akaacha kutabasamu, akalegeza bunduki kutoka begani na kuishika mkononi.

"Habari nzuri tu, bibi," akarudia. "Wewe una wajukuu."

Alikuwa nao. Wawili walikuwa wanakaa na mama yao palepale chini ya ufa ule, kwenye vibanda vya vibarua wa zege.

Bi Mwanahiba alishika wavu kwa vidole vyote kumi, akasogeza mdomo kwenye tundu.

"Nyumbani hatujambo," akasema. Maji yalibaki vilevile. "Ukindu umestawi mwaka huu. Korongo wametaga, vifaranga wengi, mpaka wanakanyagana. Mama Chausiku anakusalimu, angekuja, ila ana kazi nyingi za harusi."

"Vizuri sana," akanong'ona askari. "Unaona anavyokusikiliza? Endelea."

"Watoto wanaoga," akaendelea Bi Mwanahiba. "Kila jioni wanaoga, tunawaita wanakataa kutoka."

Akatafuta jingine. Ziwa lote lilikuwa kimya mbele yake, limejaa pomoni, linasadiki kila neno.